Watayarishaji wa filamu huru tusichukue haki tusizozilipia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie ugomvi ambao kila aliyewahi kushiriki kutengeneza filamu ndogo anaufahamu, yaani ugomvi kati ya mtayarishaji na mtunzi wa muziki. Mtayarishaji hulalamika kwamba watunzi wana tamaa na hawaelewi kuwa filamu huru, yaani ile isiyo ya studio kubwa, hutengenezwa kwa fedha za kuungaunga. Mtunzi naye hulalamika kwamba kamera imelipiwa, taa zimelipiwa, hata gari la kubebea vifaa limelipiwa, lakini muziki uliowatoa watazamaji machozi ndio unaoombwa kwa jina la urafiki. Kwa kazi yangu mimi niko upande wa watayarishaji, na nimekuwa huko kwa muda wa kutosha kuyafanya makosa karibu yote nitakayoyataja humu, lakini katika ugomvi huu naona wenye kesi ya kujibu ni sisi. Kulipa kidogo kunasameheka, kwa sababu mara nyingi kweli hatuna. Kisichosameheka ni kulipa kidogo kisha kuchukua kila kitu.

Wengi wetu huingia katika jambo hili tukidhani kwamba wimbo ni kitu kimoja chenye mwenyewe mmoja. Kisheria, wimbo uliorekodiwa ni mali mbili zinazosikika kwa pamoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani tuni na maneno yake, ambao ni wa mtunzi au wa mchapishaji wa muziki aliyekabidhiwa haki hizo. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta iliyotoka studio, ambayo kwa kawaida huwa ya kampuni au mtu aliyegharimia kurekodi. Anayetaka kuuweka wimbo huo chini ya picha anahitaji ruhusa mbili, moja kutoka kila upande, na upande mmoja ukikataa, ruhusa ya upande wa pili haimfikishi popote.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, mwimbaji mmoja aliniambia, "Wewe tumia tu, ndugu yangu," nami nikatumia. Baadaye ikadhihirika kwamba masta ilikuwa ya studio iliyomrekodi, na kwamba kiitikio kilitungwa na mwenzake ambaye walikuwa hawasemeshani tena. Mwimbaji yule hakunidanganya. Alinipa alichokuwa nacho, ambacho kilikuwa kidogo kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Tulilazimika kuutoa wimbo na kuihariri upya sehemu nzima ya filamu, ambayo ilikuwa imekatwa kwa kufuata mapigo yake.

Wapo waliolipia somo hili kwa fedha nyingi zaidi. Msanii wa Marekani Nina Paley alipotengeneza filamu ya katuni iitwayo Sita Sings the Blues, iliyotoka mwaka 2008, aliijenga juu ya rekodi za mwimbaji Annette Hanshaw za miaka ya 1920, akiamini kwamba kwa ukongwe wake zilikuwa huru kutumiwa. Lakini tungo zilizoimbwa ndani ya rekodi hizo zilikuwa bado zina wenyewe. Wenye haki walianza kwa kudai takriban dola 220,000, na baada ya mazungumzo wakashuka hadi dola 50,000, ambazo msanii huyo alizilipa kwa kukopa. Hizo ni fedha za filamu ambayo kwa sehemu kubwa aliitengeneza peke yake kwenye kompyuta.

Kinyume chake pia hutokea. Beethoven alifariki mwaka 1827, na tungo zake hazina mwenyewe wa kumdai mtu. Hata hivyo okestra iliyozipiga na kuzirekodi miaka michache iliyopita ina haki juu ya rekodi yake, na anayeichukua bila idhini amechukua mali ya watu. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, unazitaka nchi wanachama zilinde utunzi kwa muda wote wa uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na katika nchi za Umoja wa Ulaya muda huo ni miaka 70. Ulinzi wa rekodi huhesabiwa kivyake. Kwa hiyo "wimbo wa zamani" si jibu mpaka mtu aseme ni utunzi upi, na ni rekodi ipi.

Sitapoteza wino mwingi juu ya zile imani nyingine zinazozunguka kwenye vyumba vya uhariri. Hakuna sekunde saba, kumi na tano wala thelathini ambazo mtu anaruhusiwa kuzichukua bila kuomba. Sheria huweza kuruhusu nukuu kwa ajili ya uhakiki au habari, lakini haimpi mtu saa ya kupimia. Kumtaja mwanamuziki mwishoni mwa filamu ni adabu, na adabu si kibali. Kununua wimbo mtandaoni ni kununua nafasi ya kuusikiliza. Na muziki unaotolewa kwa leseni za Creative Commons, yaani vibali vya wazi ambavyo msanii huvitoa mapema kwa yeyote, nao una masharti: leseni inayokataza matumizi ya kibiashara haifai kwa filamu inayokatiwa tiketi, na ile inayokataza kubadili kazi haifai kwa filamu yoyote, kwa kuwa kuulinganisha muziki na picha huhesabiwa katika leseni hizo kuwa ni kuibadili kazi. Nimewaona vijana waaminifu kabisa wakinaswa na hilo la mwisho.

Hata anayeomba ruhusa zote mbili anaweza kujifunga mwenyewe kwa kutosoma vipimo vya kibali. Leseni ya muziki huandikwa kwa muda, kwa eneo na kwa njia ya kuonyeshea, yaani miaka mingapi, nchi zipi, na kama ni sinema, televisheni, mtandao au matamasha ya filamu pekee. Kibali cha matamasha huwa na bei nafuu na hudumu mwaka mmoja au miwili, ndiyo maana tunakikimbilia. Tatizo huanza filamu ikipendwa. Msambazaji anakuja, anauliza kama muziki umelipiwa kwa dunia nzima, na mtayarishaji anarudi kwa mwenye wimbo akiwa na tuzo mkononi na filamu iliyokwisha kufungwa, yaani ambayo uhariri wake umekamilika, hali ambayo muuzaji yeyote angeifurahia. Dawa yake ni kuandika bei ya hatua zijazo siku ileile ya kusaini kibali cha kwanza: kiasi fulani kwa matamasha, kiasi kingine filamu ikienda televisheni, na kiasi kingine ikienda kila mahali. Mwenye haki mara nyingi hukubali, kwa sababu wakati huo filamu haijulikani na wote wawili wanakisia tu.

Mfano unaonikaa moyoni ni wa mwongozaji wa Marekani Charles Burnett, aliyetengeneza filamu ya Killer of Sheep katika miaka ya 1970 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwa bajeti isiyofika dola 10,000. Aliijaza muziki aliouona unafaa, bila ruhusa za kuionyesha kibiashara, naye hakutarajia kwamba kazi ya chuo ingefika huko. Mwaka 1990 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ilhali ilikuwa bado haijawahi kusambazwa rasmi kwenye majumba ya sinema. Ilisambazwa mwaka 2007, baada ya haki za muziki kulipiwa dola 150,000, mara kumi na tano na zaidi ya gharama ya kuitengeneza. Kizazi kizima kilisoma habari za filamu hiyo kabla ya kupata nafasi ya kuiona.

Hayo yanahusu nyimbo zilizokwisha kuwapo. Mtayarishaji asiye na uwezo wa kuzilipia, na wengi wetu hatuna, humwagiza mtunzi amtungie muziki mpya, na hapa naomba nikae zaidi kidogo, kwa sababu ndipo dhuluma yetu inapoandikwa kwa lugha ya kisheria na kutiwa saini na pande zote mbili. Mikataba mingi ninayoletewa ina kifungu kinachosema kwamba mtunzi anakabidhi haki zote za muziki wake, milele, ulimwenguni kote, kwa njia zinazojulikana na zitakazobuniwa baadaye. Kifungu hicho kimetoka kwenye mikataba ya studio kubwa. Huko mtunzi hulipwa ada nzito, okestra hulipwa mbali, na juu ya hayo mtunzi hubaki na fungu lake la mirabaha, yaani malipo anayostahili kila muziki unapochezwa hadharani. Sisi tumenakili kifungu tukaacha malipo, na mara nyingine tumeongeza sentensi inayomnyang'anya hata fungu hilo la mirabaha, jambo ambalo studio zenyewe kwa desturi yao hazikulifanya.

Nimewahi kuwauliza watayarishaji wenzangu wanataka haki zote za nini. Jibu la kweli, wakikaa kulifikiri, ni kwamba hawajui. Waliambiwa kwamba filamu isiyomiliki muziki wake haiuziki. Hilo si sahihi. Anachotaka msambazaji ni uthibitisho kwamba hakuna atakayemshtaki, na uthibitisho huo unapatikana kwa leseni iliyoandikwa vizuri. Filamu inahitaji ruhusa isiyo na kikomo ya kutumia muziki ule ndani ya filamu ile, katika vionjo na matangazo yake, kwa njia zote na nchi zote. Inahitaji pia ahadi kwamba kwa miaka kadhaa muziki huohuo hautasikika katika filamu nyingine. Zaidi ya hapo haihitaji kitu. Hakimiliki inaweza kubaki kwa mtunzi, ambaye atautoa muziki wake kama albamu akitaka, ataukodisha kwa mtangazaji baada ya muda wa ahadi kupita, na atawarithisha wanawe. Hayo hayampunguzii mtayarishaji hata senti moja, na kwangu mimi ndiyo njia pekee ya heshima ya kumlipa mtu kidogo.

Naongeza mambo machache ambayo mkataba wa namna hiyo hauna budi kuyasema wazi, kwa kuwa ugomvi mwingi hutokana na kuyanyamazia. Mtunzi wa filamu ndogo kwa kawaida hupewa fungu moja la fedha ambalo ndani yake atoe ujira wake, studio, wapigaji wa ala na fundi wa kuchanganya sauti. Kwa hiyo kila mwongozaji anapobadili mawazo, anayegharimika ni mtunzi. Iandikwe ni dakika ngapi za muziki, marekebisho mangapi yamo ndani ya malipo, na kwamba kazi ya kutunga kwa vipimo inaanza baada ya uhariri wa picha kufungwa. Mwongozaji akiifungua tena picha, alipie kazi ya kurudia. Sehemu ya malipo itolewe mwanzoni, kwani mtunzi naye hula kabla filamu haijaisha. Wapigaji wa ala nao wasaini karatasi zao, maana Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwatambua waimbaji na wapigaji kuwa na haki zao juu ya kile walichokitumbuiza, mbali na haki ya mtunzi.

Hapo kuna tabia moja ya waongozaji ambayo sina budi kuigusa. Wakati wa uhariri huweka muziki wa kuazima, wimbo wa filamu nyingine maarufu, ili wasifanye kazi kimyakimya, na baada ya kuusikia kwa miezi sita wanauzoea mpaka hakuna mwingine unaowaingia. Mtunzi anapokuja anaambiwa atunge "kama huu, ila usiwe huu". Akiusogelea sana amenakili, na lawama itamwangukia yeye kwa sababu mkataba unamtaka aape kwamba kazi ni yake. Akikaa mbali anaambiwa hakuelewa hisia za filamu. Ninachojitahidi kufanya ni kumwita mtunzi kabla muziki huo wa kuazima haujaingia, atupe hata michoro ya awali ya tuni zake tuitumie katika uhariri. Sijafaulu kila mara.

Kuna pia ile ahadi ya "utalipwa filamu ikiuza". Sina ugomvi na malipo ya baadaye yakiandikwa kwa uaminifu, lakini mtunzi hupewa asilimia ya faida, na faida ya filamu huru ni kama mnyama anayesimuliwa zaidi ya kuonekana, kwa kuwa kabla ya kuhesabiwa hutangulia kukatwa kamisheni ya msambazaji, gharama za matangazo, madeni na mengine ambayo mtunzi hatayaona kamwe. Anayetaka kutenda haki ampe mtunzi asilimia ndogo ya mapato yanayomfikia mtayarishaji, itajwe ni nani atakayetoa hesabu na kila baada ya muda gani, na asilimia hiyo iwe nyongeza juu ya malipo ya mwanzo.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika barua hii. Filamu inapoonyeshwa na kituo cha televisheni, kituo hicho hulipa ada kwa taasisi ya kukusanya mirabaha, na taasisi hugawa fedha hizo kwa watunzi. Utaratibu huu una umri mrefu. Ulianzia Paris, ambako mtunzi Ernest Bourget alikataa mwaka 1847 kulipia kinywaji katika ukumbi uliokuwa ukitumbuiza wateja kwa nyimbo zake bila kumlipa; shauri lilifika mahakamani, akashinda, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, taasisi inayofanya kazi hadi leo. Lakini taasisi haiwezi kugawa fedha bila kujua muziki wa nani ulichezwa. Hujua kwa orodha ambayo mtayarishaji anaiandaa mara moja filamu inapokamilika: jina la kila kipande cha muziki, mtunzi wake, mchapishaji wake kama yupo, sekunde kilizodumu, na kama kilisikika chinichini au kiliimbwa mbele ya kamera. Ni kazi ya jioni moja. Mimi sikuifanya. Filamu yangu ilinunuliwa na vituo kadhaa, ikarudiwa usiku na mchana, na mtunzi aliyenitungia muziki wote kwa malipo ya kuvunja moyo, kwa kuamini kwamba mirabaha ingemfidia, hakupata chochote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mali hii haikuwa hata yangu, na daftari lilikuwa juu ya meza yangu.

Inafaa watunzi wajue pia kwamba mfereji huo hautiririki sawasawa kila mahali. Katika nchi nyingi za Ulaya majumba ya sinema hulipia muziki uliomo ndani ya filamu. Nchini Marekani hayalipi, kutokana na hukumu ya mahakama ya mwaka 1948, ingawa televisheni za hukohuko hulipa. Wapo pia wasambazaji wa mtandaoni wanaotaka mtunzi apokee malipo ya mkupuo mmoja na kuachana na mirabaha yote. Mtunzi ambaye filamu yake inaelekea huko ana sababu nzuri ya kudai zaidi mwanzoni, na mtayarishaji asimwone mkorofi.

Najua nitaulizwa: asiye na fedha kabisa afanyeje? Kwanza apunguze muziki. Filamu zetu nyingi zimefunikwa muziki toka mwanzo hadi mwisho kwa sababu mwongozaji haamini ukimya wala hawaamini waigizaji wake, na dakika nane zilizotungwa vizuri na kulipiwa zingeifaa filamu kuliko dakika sitini za kuokoteza. Pili, aanze mapema. Mwandishi anapoandika kwenye skripti kwamba wimbo maarufu unasikika kutoka redioni, tayari ametumia fedha kwa mstari mmoja, na ni rahisi kuufuta mstari huo kuliko kuufuta wimbo ambao waigizaji wamekwisha kuucheza mbele ya kamera. Muziki ukiwa na mstari wake katika bajeti tangu skripti inaposomwa, hata mstari huo uwe mwembamba, mtunzi atajua anaombwa nini na atakata shauri akiwa na habari kamili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kurasa zako zinapochambua filamu humtaja mwongozaji, waigizaji, wakati mwingine hata mpiga picha. Mtajeni na mtunzi wa muziki, kwa jina lake, na pale inapowezekana muulizeni mtayarishaji kama haki za muziki zimelipiwa. Swali hilo likiulizwa hadharani mara mbili tatu litafanya kazi kubwa kuliko barua yangu.

Yule mtunzi niliyemkosesha fedha zake nimekwisha kumtafuta, nikaiandaa orodha na kuiwasilisha, ikiwa imechelewa miaka minne. Taasisi yake imeipokea na kusema kwamba maonyesho ya karibuni atalipwa. Ya miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo yalikuwa mengi, muda wake wa kudaiwa umekwisha.

Wako mwaminifu,

Mtayarishaji wa filamu huru